Mbuzi Aliyekula Alama

Pascaline alimjua mkwewe Déo kwa mgongo tu. Uso wake hakuwahi kuuona sawasawa, wala hakutakiwa kuuona. Kwao, upande ule wa Kabambare, mama na mume wa binti yake hawatazamani. Wakikutana njiani, mwanamume anaingia majanini, anageuka, anahesabu miti mpaka mama apite. Hawali pamoja, hawapeani mkono, na jina la mama mkwe halipiti kinywani mwa mkwe hata akiwa anaota. Hiyo ndiyo heshima, na heshima haina mjadala. Lakini tuseme ukweli: mtu ukimjua kwa mgongo tu, kumsema vibaya ni kazi rahisi.

Na Pascaline alimsema, wee! Sokoni alimsema, kisimani alimsema, hata kwenye kwaya ya kina mama alimsema katikati ya nyimbo mbili. "Mukwe wangu ni gogo," alikuwa akisema. "Siku ya mahari wajomba zake walisema, shangazi yake akasema, hata jogoo aliwika. Yeye? Kimya. Nimemupa mutoto wangu gogo."

Jirani yake Amisa, mke wa Kassimu mshona nguo, hakumvumilia. "Ulitaka afanye nini siku ya mahari, akatike ngoma? Mwanaume wa kimya ni neema, ndugu yangu. Mimi wangu anaongea mpaka na cherehani yake."

Wawili hao walikuwa marafiki tangu usichana, mmoja wa misa, mwingine wa msikiti, na hawakuwahi kukubaliana juu ya jambo lolote isipokuwa chumvi kwenye sombe, ile mboga ya majani ya muhogo.

Basi Victoire, binti pekee wa Pascaline, akajifungua mtoto wa kike kule kwa mumewe, kijiji cha Kayembele, upande wa kwenda Lusangi. Furaha ikajaa nyumba. Lakini nyuma ya habari njema ikaja habari ya kuwasha: kitovu cha mtoto kimedondoka. Na mtoto kwao hatolewi nje mpaka kitovu kidondoke. Kikidondoka, kesho yake bibi mzaa mama anamchukua, anavuka naye kizingiti, anamgusisha nyayo ardhini na kumwita jina kabla jua halijazama. Bibi asipokuwapo, shangazi wa baba anashika nafasi yake, na jina linatoka kwake. Shangazi wa Déo aliitwa Elsa, mwanamke wa sauti kubwa na kilemba kikubwa zaidi, na hakuficha kwamba jina analo tayari. Lilikuwa Elsa.

Pascaline aliposikia hivyo, alivuta kapu lake aanze kulipanga. Kaka zake walizaa mabinti wengi, na kila binti alipewa jina la upande wa mke. Duniani kote hakukuwa na mtu hata mmoja aliyebeba jina lake. Victoire alikuwa amemwahidi tangu mimba: akiwa msichana, ataitwa Pascaline. Alilitaka jambo hilo kiasi cha kuona aibu. Na kesho yake, jua likizama kabla hajafika, basi, mjukuu wake angekuwa Elsa mpaka kaburini.

"Si upande pikipiki?" akasema Kassimu.

"Mimi? Pikipiki?" Pascaline akaruka. Mwaka uliopita pikipiki ilikuwa imemmwaga kwenye tope la barabara kubwa mbele ya watu wote waliokuwa wakitoka misa, yeye na kapu lake na viatu vyake vya sikukuu, na tangu siku ile aliapa mbele ya Mungu na padri kwamba hapandi tena.

Kassimu akakohoa. Akasema kwamba kuna mtu amelala kwenye kibanda chake cha cherehani. Mtu huyo amekuja kwa miguu kutoka Kayembele kwa njia ya zamani, ile ya msituni, ambayo haina tope wala mlima wa kuua mtu. Mtu huyo anasema kwamba ataondoka alfajiri, atatangulia mbele, na atafunga njia zote zisizo za kweli. Mama afuate polepole nyuma yake. Atafika jua likiwa bado juu.

"Ni nani huyo mutu?" Pascaline akauliza, ingawa alijua.

"Ni mugongo," akasema Amisa, akacheka mpaka akashika ukuta.

Waliondoka kulipopambazuka vizuri, Pascaline na Amisa, na mbuzi jike mweupe aliyekuwa zawadi ya mtoto. Amisa hakualikwa. Alijifunga kitenge, akachukua mkeka wake mdogo na kidumu cha maji, akasema hawezi kumwacha mtu mzima apotee msituni na mbuzi. Pascaline alibeba kapu lenye mchele, nguo za mtoto na chupa ya mawese. Goti lake la kushoto, ambalo tangu pikipiki lilikuwa na malalamiko yake, alilifunga kitambaa.

Njia ilianza nyuma ya mashamba ya muhogo, ikaingia chini ya miti bila kelele. Jamani, kumbe kulikuwa na uzuri karibu hivyo! Ardhi ilikuwa laini, majani makavu yamelowa mvua ya usiku, jua linapenya kwa vipande vidogo vidogo. Ndege walikuwa wakigombana juu. Hakuna honi, hakuna tope, hakuna mtu wa kukuambia "songa, mama, songa." Pascaline alianza kwa kukunja uso, maana aliona ni lazima, lakini baada ya muda uso ulichoka kukunjwa ukaachia wenyewe.

Kwenye njia panda ya kwanza wakakuta tawi bichi limelazwa kukata njia ya kulia. Kila mtu wa kule anaijua alama hiyo: aliyetangulia amefunga njia, wewe pita hii nyingine. Wakapita kushoto. Mbele kidogo, tawi lingine. Wakapita.

"Gogo linajua kukata matawi," akasema Amisa.

"Hata mutoto anajua."

Kisha wakafika mahali ambapo nyasi ndefu zimeinama pande zote mbili za njia. Asubuhi ya masika nyasi kama hizo hukulowesha mpaka kiunoni. Amisa akanyoosha mkono akazigusa. Zilikuwa kavu. Akatazama chini, akaona matone yote ya umande yametapakaa ardhini, na nyasi zimepigwa kwa fimbo upande huu na upande huu.

"Mama Victoire, tazama. Mutu amekung'utia umande."

"Labda ni mbwa alipita."

"Mbwa gani huyo wa kupiga nyasi kwa fimbo pande mbili? Ukistaajabu ya Musa, utaona ya Firauni!"

Pascaline akatangulia. Lakini kitenge chake, kile cha maua ya bluu alichokuwa amekitunza kwa siku hii, kilikuwa kikavu, naye alilijua hilo kila hatua.

Njia ikapanda kidogo, kupanda kwa adabu tu, lakini goti likaanza kunong'ona. Na pale juu hasa, pale pale ambapo angesema "ngoja kwanza," palikuwa na gogo lililoanguka. Lilikuwa limefagiliwa. Magome yake yamekwanguliwa, na juu yake yametandikwa majani mapana, mafungu mawili, na pembeni majani mengine yamekunjwa yakafunga matunda ya msuku, yameiva, ya rangi ya kahawia, yale matamu kabisa.

"Mafungu mawili," akasema Amisa, akikaa. "Amenihesabu na mimi. Mungu ambariki."

Pascaline alibaki amesimama. Alitaka kusema kitu kibaya na hakukipata. Mwishowe akakaa, akala tunda moja, akala la pili, na la tatu. "Matamu," akasema, kwa sauti ya mtu aliyelazimishwa na polisi.

Chini ya mteremko palikuwa na chemchemi. Huko wakakuta vikombe viwili vya majani vimechomekwa kwenye kijiti. Wakanywa. Amisa akajaza kidumu chake. Mbuzi akanywa pia, bila kikombe, na safari ikaendelea. Njiani Pascaline alijikuta anaimba, na Amisa, ambaye alizijua nyimbo zote za kanisa kwa kuzisikia ukutani, akaitikia. Mwenda pole hajikwai, nao walikwenda pole, tena kwa raha zao.

Msitu ukaisha ghafla, wakatokea kwenye mbuga. Nyasi fupi, upepo, vichuguu vyekundu huku na huku, miti michache iliyosimama kila mmoja na mambo yake, na mbingu pana. Huko Pascaline aliona uyoga. Uyoga wenyewe, mweupe, mpana, umejaa chini ya kichaka cha miti upande wa mbali! Mwanamke wa Kabambare hapiti uyoga. Hata nyumba ikiwaka, atachuma kwanza.

"Nenda," akasema Amisa. "Jua limefika katikati, na mimi niswali."

Akamfunga mbuzi kwenye kijiti karibu na njia panda, akatawadha kwa maji ya kidumu, akatandika mkeka akielekea kibla, akainamisha macho kama inavyotakiwa. Pascaline akapotelea kichakani na kapu. Na mbuzi, ambaye hakuwa na dini wala uyoga, akatazama alichokuwa nacho mbele yake. Palikuwa na tawi bichi zuri, limelazwa kukata njia ya kulia. Akala jani moja. Akaona vyema. Akala yote, akatafuna na maganda, akalivuta tawi mpaka pembeni, akaliacha jeupe na uchi.

Amisa alipomaliza alikunja mkeka, akaona pembeni fimbo imelala, nyofu, imemenywa vizuri. "Alhamdulillahi," akasema. "Fimbo ya kumswagia huyu mvivu." Akaiokota.

Pascaline akarudi na kapu limefurika. Wakasimama kwenye njia panda. Njia mbili, zote wazi.

"Hajafunga," akasema Pascaline.

"Labda zote zinafika."

"Au amechoka." Na hapo, kwa haya yake mwenyewe ya kula matunda ya mtu aliyemsema, akaongeza, "Si nilikuambia? Gogo ni gogo. Amefanya mwanzo, mwisho amelala."

Wakachagua ile ya kulia kwa sababu ilikuwa pana na ilionekana njia ya watu wengi. Ilikuwa ya watu wengi kweli: wachimba dhahabu wa zamani. Iliwapeleka kwa furaha mpaka kwenye mashimo yaliyojaa maji na vibanda vilivyoanguka, halafu ikagawanyika vipande vipande, kila kipande kinaishia kwenye shimo lake. Hakuna mtu. Vyura tu, wakiwacheka.

Jua lilikuwa limeanza kushuka. Pascaline akazunguka, akajaribu kipande hiki, akakuta shimo; akajaribu kile, shimo. Jasho likamtoka. Akaiona nyumba ya Kayembele kwa macho ya moyo, akamwona Elsa na kilemba chake akinyoosha mikono kumchukua mtoto. Machozi yakamjia, ya hasira kwanza, kisha ya kweli.

"Ameniacha," akasema. "Amenipoteza ju ya maneno yangu. Na ni haki yake."

Amisa akainua fimbo amchape mbuzi aliyekuwa akimvuta kuelekea shimoni. Mkono ukabaki hewani. Akaitazama ile fimbo. Akaisogeza karibu na macho. Kwenye ncha palikuwa na jani moja dogo limebaki, na chini yake alama za meno.

"Mama Victoire," akasema taratibu. "Usikasirike."

"Nini?"

"Njia ilifungwa. Mufungo wenyewe ndio huu nimeushika. Mengine iko ndani ya tumbo."

Wote wawili wakamtazama mbuzi. Mbuzi akacheua. Pascaline akafungua mdomo apige kelele, lakini kilichotoka ni kicheko, kimechanganyika na machozi, mpaka akakaa chini kwenye udongo na kitenge chake cha maua ya bluu. Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Dole linapona kwa wiki. Yeye ulimi wake ulikuwa umejikwaa soko zima.

Ndipo mluzi ukasikika. Mluzi mrefu, kisha kimya, kisha nyayo zinakuja mbio kwenye nyasi. Kisha nyayo zikasimama ghafla. Nyuma ya kichuguu kikubwa kilichokuwa kando ya vibanda, mtu alikuwa akihema.

"Ni yeye," akanong'ona Amisa. "Amerudi kututafuta."

Sasa tazameni shida ya watu wale. Déo hakuweza kutokea, maana mama mkwe yupo. Hakuweza kumwita, maana jina ni mwiko. Hakuweza hata kumtumia Amisa, kwa sababu rafiki wa mama naye ni mama. Kati ya wote waliokuwa pale, mbuzi peke yake ndiye hakuwa mkwe wa mtu.

"Wewe mbuzi," sauti ikasema nyuma ya kichuguu. Ilikuwa sauti ya chini, ya upole, na ilikuwa mara ya kwanza Pascaline kuisikia. "Wewe mbuzi, pole na safari. Waambie ulio nao nilingoja mtoni, nikaona jua linatembea na wao hawafiki. Waambie wanisamehe. Labda tawi langu lilikuwa dogo."

Amisa alijiziba mdomo kwa mkeka. Pascaline naye akamgeukia mbuzi, kwa heshima zote.

"Mbuzi," akasema, "mwambie aliye kule kwamba tawi lilikuwa kubwa la kutosha. Wewe mwenyewe unajua. Umelimaliza."

Nyuma ya kichuguu mtu akacheka. Akajaribu kujizuia, akashindwa, akacheka tena. Gogo linacheka! Pascaline hakuamini masikio yake.

"Mbuzi, waambie kurudi mpaka njia panda, jua litatushinda," sauti ikasema ilipotulia. "Lakini hapa chini kuna njia ndogo ya kijito. Inatoka nyuma ya kijiji chetu. Kuna muti umelala juu ya maji, na mvua imeulowesha. Mutu mwenye goti bovu hawezi kuvuka peke yake. Mama aamue."

Pascaline hakuwa amemwambia mtu yeyote wa Kayembele habari ya goti. Alikuwa amelifunga ndani ya kitenge. Aliyejua kwamba anachechemea ni yule tu aliyerudi akizifuata nyayo zake kwenye udongo laini.

"Mwambie twende," akasema.

Walimfuata kwa umbali wa heshima. Njia ilishuka kwenye miti ya bondeni, penye kivuli na ubaridi mzuri, na huko kijito kilikuwa kikipita kwa kelele, si kirefu, lakini chenye nguvu za mvua. Shina lilikuwa limelala juu yake, jeusi, linateleza. Amisa akavuka kwanza kwa kukaa matakoni na kujisukuma, akimlilia Mungu na kucheka, na mbuzi akamfuata kwa miguu yake bila tatizo lolote, mwenye dhambi yule.

Akabaki Pascaline. Déo akasimama kwenye shina, amempa mgongo. Mkono wa mama mkwe haushikwi. Akafikiri. Kisha akasema, "Mbuzi, fimbo yako iko wapi?"

Amisa akaelewa. Akamtupia ile fimbo. Déo akashika ncha moja, akainyoosha nyuma bila kugeuka, na Pascaline akashika ncha nyingine, ile yenye alama za meno. Wakavuka hivyo, hatua kwa hatua, yeye mbele na mama nyuma. Mara moja goti lilimponyoka, akateleza, na fimbo ikakaza kama mti uliopandwa. Déo hakuyumba. Pascaline akautazama mgongo ule kwa karibu. Ukosi wa shati ulikuwa umeshonwa kwa mkono, jasho limelowesha mabega yote, na miba imemchana shingoni. Mgongo wenyewe ni ule ule aliousema. Ila sasa aliuonea huruma.

Ng'ambo Pascaline akasema, akimtazama mbuzi, "Mbuzi, mulize mutoto anaitwaje sasa hivi, huko nyumbani."

"Mwambie bado hana jina," Déo akajibu, mgongo ukitangulia. "Mke wangu anataka lile ambalo mimi siwezi kulitamka. Shangazi alipoleta jina lake, mke wangu alilia. Mimi nikasema, ngojeni, nitaenda kumleta mama."

Pascaline akasimama njiani. Katika kulitaka jina hilo kwa nguvu zake zote, hakuwahi kufikiri jambo hili. Mtoto akiitwa Pascaline, baba yake hatamwita kamwe. Atakua, atacheza mbali, usiku utaingia, na baba yake atasimama mlangoni bila neno la kumwitia.

"Na yeye atamuitaje mutoto wake?" akauliza, akamsahau mbuzi kabisa.

"Nitapiga mluzi," akasema Déo. "Ataujua."

Amisa akamvuta mbuzi, wakaendelea.

Walitokea nyuma ya kijiji jua likiwa limekaa juu ya miti ya magharibi, jekundu, limebakiza kidogo tu. Watu walikuwa wamejaa mbele ya nyumba. Elsa alikuwa tayari amesimama kwenye kizingiti na kitenge kipya, mtoto mikononi, mguu mmoja ndani na mguu mmoja hewani.

"Elsa!" Pascaline akapaza sauti, na hakuwa amekimbia hivyo tangu usichana wake, goti likajijua lenyewe. "Rudisha mguu huo!"

Elsa akarudisha. Tuseme haki: alicheka pia. "Mama Victoire, nilidhani umeolewa njiani," akasema, akampa mtoto. Déo alikuwa ameshapotelea nyuma ya jiko, kama inavyompasa mkwe. Victoire, kwenye kiti chake mlangoni, alikuwa akilia na kucheka, na hakuna aliyemuuliza ni kipi.

Pascaline akavuka kizingiti na mjukuu wake. Alikuwa mdogo, mwekundu, amekunja ngumi mbili, mzito kuliko alivyoonekana. Akainama, goti likalia, akagusisha nyayo zile ardhini penye vumbi na jua la mwisho. "Hii ni inchi yenu," akamwambia. "Utembee juu yake polepole. Wewe ni Pascaline."

Vigelegele vikapasua kijiji. Lakini yeye akainua mkono.

"Bado. Baba yake hajamuita."

Elsa akashika kilemba. "Mama, hilo jina... Mukwe hawezi. Njia ya mukwe na mama mukwe inafunguliwa na mukwe mwenyewe, tena akishazaa wengi, akishaleta mbuzi."

"Mbuzi yupo," akasema Pascaline. "Nilimuleta ju ya mutoto. Sasa ninamtoa ju ya njia. Alama ilikuwa ya kufunga, huyu akaila mwenyewe, wote tumeona meno yake. Leo kutwa amekuwa mulomo wetu, amechoka, mumpumzishe." Akawageukia watu wote. "Mimi huyu mutu nimemsema vibaya kote Kabambare, naye amenikung'utia umande. Kama kuna mwenye kudai, adai kwangu. Toka huko nyuma ya jiko, Déo. Geuka, mwanangu, nikuone."

Hakuna mtu aliyewahi kusikia mama mkwe akimwita mkwe kwa jina. Wazee walitazamana, lakini mbuzi alikuwa ametolewa mbele ya watu, na mbuzi ni mbuzi. Mzee wa ukoo akatikisa kichwa mara moja kukubali.

Akatoka. Alikuja polepole, ametazama chini, mikono hajui aiweke wapi. Kisha akainua uso, na Pascaline akauona kwa mara ya kwanza: uso wa mtu mwema aliyechoka, na paji pana, lile lile alilokuwa nalo mtoto mikononi mwake. Amisa akapiga vigelegele peke yake, kabla ya wakati, akanyamazishwa.

"Ita," akasema Pascaline.

Midomo ya Déo ikasogea, neno halikutoka. Alikuwa amelizuia muda mrefu mno. Victoire akamshika mkono. Akavuta pumzi.

"Pascaline," akasema.

Mtoto hakushtuka, alikuwa amelala. Aliyejibu ni bibi yake.

"Naam, mwanangu," akasema, akampa Déo mtoto wake ampakate.